Shule mpya za Lamu zinahitaji mipaka, na mipaka inahitaji walimu

Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019, watu wa Kenya nzima waliongezeka kwa takriban asilimia 23. Watu wa Kaunti ya Lamu waliongezeka kwa karibu asilimia 42, kutoka 101,539 hadi 143,920. Ongezeko hilo halikuenea sawa. Lamu Mashariki yote, kuanzia Faza hadi Kiunga na vijiji vya Basuba, ilihesabiwa watu 22,258. Waliobaki, 121,662, walikuwa Lamu Magharibi, na sehemu kubwa yao wanaishi upande wa bara: Mokowe, Hindi, Mkunumbi, Mpeketoni, Witu. Na hesabu hiyo ilichukuliwa kabla ya meli ya kwanza kufunga gati katika bandari mpya mnamo Mei 20, 2021.

Tangu Machi 2012, mradi wa LAPSSET, yaani wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na nchi jirani, ulipozinduliwa mbele ya viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini, bara ya Lamu imekuwa ikipokea watu. Wamekuja vibarua wa ujenzi, wenye maduka, madereva, askari, watumishi wa serikali ya kaunti yenye makao yake Mokowe, na familia zilizonunua viwanja kando ya barabara inayotoka Garsen kupitia Witu, ambayo sasa ina lami. Watu wakihamia mahali, watoto wao nao wanahitaji shule, na kwa kweli shule zinajengwa. Madarasa mapya yameinuka pahali palipokuwa na vichaka na mikorosho. Ni jambo la kheri, na sisemi haya ili kulipunguzia thamani.

Linaloniuma ni swali linaloachwa bila jibu baada ya utepe kukatwa na wageni kurudi makwao: shule hii ni ya watoto wa wapi?

Hakuna anayelijibu. Shule inafunguliwa, mwalimu mkuu anapewa daftari la kuandikisha, na kila mtu anasubiri wazazi waje. Januari ikifika, shule kongwe ya jirani inafurika kama miaka yote, watoto wanabanana madawatini, wengine wanaandikia magotini. Umbali wa mwendo mfupi tu kutoka hapo, shule mpya ina madarasa yanayonukia rangi na watoto wachache waliokaa mbali mbali. Mwaka wa pili hali inabaki vile vile. Mwaka wa tatu watu wanaanza kusema shule ile ilijengwa pasipofaa, na mwanasiasa anayefuata anaahidi kujenga nyingine.

Tatizo haliko kwenye mawe na mabati. Tumezoea kujenga shule bila kuchora eneo lake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka Waziri, kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, ahakikishe shule zipo katika umbali unaofikika ndani ya kaunti. Katiba, katika Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki ipo, umbali umetajwa. Kilichokosekana ni mstari unaosema: watoto wa mitaa hii na hii, shule yao ni hii, na haiwezi kuwakataa.

Pale ambapo mstari haupo, mambo mengine hujaza nafasi yake. Kwanza ni jina la shule: ile iliyowahi kutoa mwanafunzi bora miaka iliyopita bado inavuta wazazi hata kama walimu wake wa enzi hizo wameshastaafu. Pili ni kujuana. Mzazi anayemfahamu mjumbe wa bodi ya shule anapata nafasi, na mzazi aliyehamia juzi kutoka Garsen au Tana anaambiwa arudi wiki ijayo. Tatu ni nguvu za miguu. Mtoto wa darasa la juu anayeweza kutembea mbali huandikishwa mbali, na nduguye mdogo anabaki nyumbani mwaka mzima akingojea akue. Hilo la tatu ndilo linalonitia uchungu zaidi, kwa sababu halionekani kwenye takwimu yoyote ya shule. Mtoto ambaye hajaandikishwa hahesabiwi kuwa amekosa nafasi.

Kwa nini hakuna anayechora? Kwa sababu shule moja ya msingi ya umma hapa kwetu ina wenyewe wengi, na kila mmoja ameshika kipande chake. Darasa la chekechea ni jukumu la serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Madarasa ya msingi yako chini ya serikali ya kitaifa, na mara nyingi fedha za kuyajenga hutoka NG-CDF, yaani mfuko ulio chini ya eneo bunge. Walimu wanaletwa na TSC, tume ya kuajiri walimu. Usajili wa shule uko mikononi mwa wizara na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Ardhi iko kwa Tume ya Ardhi, au kwa ukoo fulani uliojitolea, au bado ina mgogoro.

Basi kaunti hujenga chekechea mahali ilipopata kiwanja. Eneo bunge hujenga madarasa mahali ambapo mbunge aliahidi. Viwanja hivyo viwili havikutani. Mtoto anamaliza PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, katika chumba kizuri chenye michoro ukutani, kisha anaambiwa darasa la kwanza liko kijiji cha pili, ng'ambo ya barabara kuu inayopitisha malori ya bandari. Kila ofisi ukiiuliza itakuambia imetimiza wajibu wake, na itakuwa imesema kweli.

Kisha kuna fedha, na hapa ndipo mambo hukwama hata pale wenye nia njema wanapokaa pamoja. Mgao wa serikali humfuata mtoto: shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, na shilingi 15,042 kwa mwanafunzi wa sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa. Chukua watoto thelathini wa sekondari msingi wanaokaa karibu zaidi na shule mpya. Wakihama, shule kongwe inapoteza shilingi 451,260 kwa mwaka. Mwalimu mkuu ana mlinzi wa kulipa, ana bili ya maji, ana madeni ya chaki na karatasi kwa sababu mgao wenyewe huchelewa. Unamtarajia asaini uhamisho wa watoto thelathini kwa moyo mweupe? Watoto wameandikwa kwenye mfumo wa kitaifa kwa jina la shule yake, na mpaka awaachilie, kwa serikali bado ni wake. Wapo walimu wakuu waungwana ambao huachilia siku hiyo hiyo. Wapo wanaochelewesha mpaka hesabu ya mgao ipite. Siwalaumu sana hawa wa pili. Mfumo umewaweka mahali ambapo msongamano wa watoto ndiyo riziki ya shule.

Nije kwa wazazi, kwa kuwa wao ndio hulaumiwa kwanza kila shule mpya inapobaki tupu. Husemwa kuwa wazazi wa Lamu wanapenda majina, kwamba hawataki mabadiliko. Kaa nao barazani uwasikilize. Watakwambia kitu kimoja tu: "Kule hakuna walimu." Na wana haki. Shule mpya mara nyingi huanza na mwalimu mkuu na mwalimu mmoja au wawili wa TSC. Nafasi zinazobaki hujazwa na walimu wa bodi, vijana waliomaliza chuo na wanaongojea ajira, wanaolipwa na michango ya wazazi. Hii ni shule ya bure, kumbuka. Mzazi anayempeleka mwanawe shule kongwe anapata walimu walioajiriwa na serikali. Anayempeleka shule mpya analipia mwalimu kutoka mfukoni. Mvuvi wa Mokowe au mkulima wa Hindi akiamua mwanawe atembee mbali zaidi ili afundishwe na mwalimu aliyeajiriwa, amefanya uamuzi wa mzazi mwenye akili.

Kwa hiyo ninaposema tuchore mipaka, sitaki mtu adhani ninataka wazazi wafungiwe. Ninataka mstari uifunge serikali. Maana yake iwe hivi: siku Bodi ya Elimu inapotangaza kuwa mitaa fulani iko chini ya shule fulani, TSC iwe imeshapeleka walimu wa kutosha kwa idadi ya watoto wa mitaa hiyo, hata kabla hawajaandikishwa wote. Leo walimu hugawanywa kwa kuangalia watoto waliopo na madarasa yanayoendelea. Shule mpya haina watoto, basi haipati walimu. Haina walimu, basi haipati watoto. Mduara huo hauvunjwi na hotuba. Unavunjwa na mtu mmoja serikalini anayekubali kupeleka walimu kwa hesabu ya nyumba, akiwa na ramani mkononi. Bila mpaka uliotangazwa, hana msingi wa kuhesabu nyumba zipi. Mpaka ukiwepo, anao.

Sasa mstari wenyewe uchorwe vipi? Njia rahisi, na ambayo naiogopa, ni kufuata mipaka ya wadi. Lamu ina wadi kumi, ramani zake zipo, na kila diwani angependa awe na shule "yake". Lakini wadi zilichorwa kwa kuhesabu watu kwa ajili ya uchaguzi. Hazikuchorwa kwa miguu ya mtoto wa miaka sita. Wadi ya Shella inagusa kisiwa cha Amu, yaani Lamu chenyewe, na pia Manda, na kati yake kuna bahari. Hindi ni wadi kubwa ambayo upande mmoja inaelekea bandarini na upande mwingine inaingia misituni.

Uingereza, shule nyingi zikijaa hupima umbali kutoka nyumba hadi lango la shule, na wa karibu ndio wanaoingia. Ni utaratibu wenye haki kiasi chake katika mji ulio nchi kavu. Ukiuleta hapa jinsi ulivyo, utampa mtoto wa Shella shule iliyo Manda kwa sababu kwa rula ni karibu, wakati kati yake na shule hiyo kuna mkondo, upepo wa kusi, na nauli ya boti kwenda na kurudi kila siku. Kutoka Matondoni au Kipungani kwenda Amu mjini, ramani inasema kisiwa ni kimoja. Anayeishi huko anajua njia ya mchanga inachukua muda gani na boti inategemea nini. Watu wa Pate na Faza wamezoea tangu zamani kupanga safari kwa maji kujaa na kupwa pale kwenye mkondo wa Mkanda. Shule haiwezi kupangwa kwa maji kujaa na kupwa. Kengele hulia wakati ule ule kila siku.

Kipimo kinachofaa hapa ni muda wa njia halisi ambayo mtoto mdogo ataipita, mchana, katika msimu mbaya kuliko yote. Mvua kubwa ikinyesha, sehemu za Witu na Mkunumbi hukatika. Njia ambayo Februari ni dakika ishirini, Mei yaweza isiwe njia kabisa. Aliyekaa ofisini hawezi kulijua hili. Anayelijua ni mzee wa mtaa, na mama anayepeleka mtoto, na kijana wa bodaboda.

Kuna mengine yanayohesabika Lamu ambayo huenda kwingine yasihesabike. Nyati na viboko wa Ziwa Kenyatta, na ndovu wanaoshuka kwenye mashamba ya Mkunumbi na Witu, hutembea alfajiri na magharibi. Kanuni zinasema shule ya kutwa ifanye kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu mchana. Mtoto mwenye mwendo wa saa nzima hutoka nyumbani kabla umande haujakauka, wakati ule ule ambao mnyama bado yuko njiani. Ukimpunguzia mwendo huo hadi nusu saa, umemwondolea hatari ambayo hakuna uzio ungeiondoa kwa gharama hiyo.

Tena usalama. Sihitaji kuwakumbusha watu wa Mpeketoni mashambulizi ya Juni 2014, wala watu wa Hindi Julai ya mwaka huo huo. Januari 2022, mashambulizi ya Widho na vijiji vya karibu yaliziondoa familia kwenye mashamba yao. Familia zikihama usiku mmoja, mipaka ya shule nayo lazima iweze kuhama. Mtoto aliyekimbilia kwa shangazi yake Hindi hafai kuombwa barua ya uhamisho kutoka shule iliyofungwa. Kanuni yoyote ya mipaka itakayoandikwa Lamu inapaswa kuwa na kifungu cha mtoto aliyehamishwa na vurugu au mafuriko: apokelewe kwanza, karatasi zifuate.

Na kuna madrasa. Kwa watoto wengi wa Kiislamu wa hapa, siku ya masomo haiishii saa tisa na nusu. Wakitoka shule wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Mpaka mpya ukimpeleka mtoto mbali na chuo chake, nyumba italazimika kuchagua moja, na shule ya serikali haipaswi kuwekwa kwenye mizani hiyo. Wanaochora ramani waweke alama za misikiti, vyuo na makanisa kama wanavyoweka alama za visima. Hapo ndipo watoto walipo jioni.

Nimefika kwenye sehemu ngumu, ambayo wengi wangependa iachwe. Bara ya Lamu inakaliwa na watu waliotoka pahali pengi: Wabajuni, Wagiriama, Wapokomo, Waorma, Wasanye, Waaweer, Wakikuyu na wengine walioletwa au waliokuja wenyewe tangu mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta katika miaka ya 1970. Maneno "mwenyeji" na "mgeni" hapa yana uzito wa ardhi ndani yake. Mitaa mingi imekaa kwa kabila au kwa asili ya watu wake. Mtu akichora mstari wa shule kwa kufuata uzio wa mashamba tu, bila kukusudia ubaya wowote, anaweza kujikuta ameunda shule ya hawa na shule ya wale.

Marekani ni mfano wa kutazamwa kwa makini katika hili. Huko, katika wilaya nyingi za shule, anwani ya nyumba ndiyo inayoamua mtoto asome wapi. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilitamka, katika kesi ya Brown, kwamba kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Lakini nyumba zilikuwa zimeshatengana, na mipaka ikafuata nyumba. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken iliyotoka Detroit, mahakama hiyo hiyo ilikataa mpango wa kuwavusha wanafunzi kati ya jiji na wilaya za pembezoni mwake, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba wilaya hizo zilibagua. Mstari kwenye ramani ukawa na nguvu kuliko hukumu ya miaka ishirini iliyotangulia. Mpaka leo, wilaya inayokua na kufungua shule mpya huko hukabiliwa na mikutano mirefu ya wazazi, kwa sababu bei ya nyumba hupanda na kushuka kulingana na shule iliyo upande wake wa mstari.

Sisi wenyewe tulikuwa na ukoloni uliojenga shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika. Hatuna sababu ya kuurudia kwa mlango wa nyuma. Na madalali wa viwanja wa Hindi na Mokowe wasipewe nafasi ya kuuza ardhi kwa jina la shule. Ndiyo maana nasema mstari upitie katikati ya mashamba na mitaa kwa njia inayoleta watoto wa pande zote kwenye lango moja, pale ambapo umbali unaruhusu. Umbali kwanza, kisha mchanganyiko. Pale shule mbili ziko karibu kiasi cha kwamba mtoto anaweza kwenda yoyote, mchanganyiko ndio uamue. Najua kuna watakaosema hayo ni siasa. Kuwaacha watoto wakue bila kujuana, kisha kuwaita kwenye mikutano ya amani wakishakuwa watu wazima, hiyo nayo ni siasa, na imetugharimu sana.

Kuhusu sekondari msingi, mstari wake usiwe ule wa shule ya msingi. Tangu Januari 2023 gredi ya saba imewekwa ndani ya shule za msingi, na ilikuwa busara kwa maana ya umbali. Ila gredi hizo zina masomo tisa, zinahitaji mwalimu wa sayansi, mwalimu wa kilimo, maabara hata kama ni ndogo. Shule mpya yenye watoto kumi na watano wa gredi ya saba haitapata walimu hao, na haipaswi kudanganywa kwamba itawapata. Shule mbili au tatu za msingi zilishe sekondari msingi moja. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kutembea zaidi ya mdogo wake. Mzazi aambiwe tangu siku ya kwanza: mwanao ataanza hapa, na gredi ya saba ataendelea pale.

Wakati tukiigeukia bara, nina hofu na visiwa. Kila ongezeko la watoto Hindi na Mpeketoni ni hoja ya kuhamisha walimu kutoka mahali penye watoto wachache, na mahali hapo ni Kiwayu, ni Ndau. Ukichora mipaka kwa idadi peke yake, shule ya kisiwa kidogo itaonekana ni hasara. Lakini mtoto wa kisiwa hana shule ya pili. Shule yake ikipunguziwa walimu hana mpaka wa kuvuka ila bahari. Kwa shule hizo idadi isiwe kigezo. Walimu wake wawekwe kwa kiwango cha chini kisichoguswa, shule iwe na watoto mia mbili au arobaini.

Vijiji vya Waaweer vimetuonyesha mwisho wa njia hiyo. Shule za Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe zilifungwa kwa ukosefu wa usalama tangu mwaka 2014, walimu wakaondoka, na kwa miaka watoto wao wakawa wanasafirishwa kwenda kusoma au kufanya mitihani nje ya vijiji vyao, wakiwemo waliopelekwa bweni Mokowe. Kwenye makaratasi walikuwa na shule. Ramani ya haki ingeonyesha eneo lile kama tundu, lenye jina na tarehe, ili kila anayeitazama aulizwe litazibwa lini.

Utaratibu wa kuhamia ndio utakaoamua kama watu wataukubali mpango au wataukataa. Watoto wa gredi ya sita na ya tisa waachwe pale walipo mpaka wamalize, kwa kuwa wana tathmini ya kitaifa na wameshasajiliwa. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe: mkubwa akibaki shule kongwe, mdogo aruhusiwe kumfuata, au wote wahame pamoja, mzazi akichagua. Mipaka ianze na PP1 na gredi ya kwanza, ipande nao mwaka baada ya mwaka. Kwa njia hiyo hakuna mtoto anayeng'olewa kwa mwalimu aliyemzoea. Inachukua muda, na ninaukubali muda huo. Shule kongwe nayo isinyang'anywe mgao kwa ghafla. Ipewe mwaka mmoja au miwili ya kufidiwa tofauti, ili mwalimu mkuu asione mstari kama adui.

Mzazi anayetaka shule ya mbali, aruhusiwe, baada ya watoto wa eneo hilo kupata nafasi zao. Hapa ndipo itabidi tuwe wakali. Afisa, diwani, mwenye hoteli, mwalimu mwenyewe: mtoto wake aingie kwenye foleni ile ile ya walio nje ya eneo. Kama wakubwa watavuka mstari kwa simu moja, mkulima wa Hindi atajua kuwa umechorwa kwa ajili yake peke yake, na hataufuata. Orodha ya nafasi na orodha ya waliopokelewa kutoka nje ya eneo vibandikwe ukutani mwa shule, kwa namba na kwa mtaa, bila majina ya watoto.

Kazi hii inaangukia Bodi ya Elimu ya Kaunti, ambayo sheria imeiweka mahali ambapo serikali ya kaunti na ya kitaifa zinaweza kukaa meza moja. Muhula wa pili ni wakati mzuri wa kutembea njia, pamoja na machifu, wazee wa mitaa, walimu wakuu, kina mama, na manahodha kwa upande wa visiwa. Rasimu ya ramani ifike kwenye mabaraza kabla muhula wa tatu haujaanza: Mokowe, Hindi, Mkunumbi, Mpeketoni, Witu, Amu, Faza, Kiunga, na isomwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, mtaa kwa mtaa. Malalamiko yaandikwe na yajibiwe kwa maandishi. Kisha TSC iambiwe idadi ya watoto wa kila eneo, na shule yoyote mpya ambayo mpaka Novemba haijapata walimu wake isifunguliwe Januari kwa jina la kufunguliwa. Watoto wa eneo lake wabaki na haki yao kamili katika shule kongwe, na Bodi itangaze hadharani ni ofisi gani iliyochelewesha.